Ombi la Kumwazima Mama Yangu kwa Jumamosi Moja

Khairat Anuari,
Kidato cha Tatu B,
Nyumba ya tatu kutoka kisimani,
Dodoma.

10 Septemba 1996

Ndugu Afisa Mtendaji wa Kata,

YAH: MAMA YANGU

Shikamoo. Mwalimu Devota, anayetufundisha Kiswahili, anasema barua ya kikazi haina shikamoo, inaingia moja kwa moja kwenye jambo. Nimejaribu kuandika bila hiyo na kila mara nimejisikia kama nimekupita njiani bila kukuamkia. Kwa hiyo nimeiweka, na sasa naingia kwenye jambo.

Mimi ni mtoto wa Bi Mwantum, ambaye wewe unamfahamu kuliko mimi. Sisemi hivyo kwa ubaya. Wewe humwona akiwa amekaa, sisi humwona akipita. Yeye ni mwakilishi wa akina mama katika Kamati ya Maji, Kamati ya Mitaro, Kamati ya Zahanati, Kamati ya Soko, Kamati ya Miti, Baraza la Usuluhishi, Bodi ya shule yetu ya sekondari, na ile Kamati ya Kufuatilia Utendaji wa Kamati. Kote huko anajitolea. Sina neno na kujitolea. Kitabu cha Uraia kina sura nzima inayosifu kujitolea na nimeisoma. Neno langu ni kwamba sura hiyo haielezi watoto wa anayejitolea wafanye nini wakati huo. Nimeona nieleze malalamiko yangu kwa namba, ili yasikuchanganye.

1. Kuhusu jinsi mama yangu alivyopatikana.

Wafadhili walipoleta pampu ya kisima walisema hawataifunga mpaka iundwe kamati, na kamati lazima iwe na mwanamke. Uliitisha mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nilikuwepo, nimembeba mdogo wangu Makame mgongoni. Wanaume walikaa kwenye madawati, akina mama walikaa chini kando ya ukuta, penye kivuli. Mwenyekiti, Mzee Bartolomayo, akauliza ni mama yupi atajitolea. Akauliza tena. Akina mama wote wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu. Alipouliza mara ya tatu, mama yangu akasimama.

Ndugu Afisa, mama alisimama ili aende nyumbani kuipua maharage. Alikuwa ameyaacha jikoni, na mkutano ulichelewa kuanza, kama kawaida. Hata kanga alikuwa ameshaikung'uta vumbi. Lakini watu walipiga makofi, Mzee Bartolomayo akasema, "Huyo ndiye mwanamke wa maendeleo," na mama, ambaye hawezi kumvunjia heshima mtu mzima mbele za watu, akajifunga kanga vizuri, akaenda kukaa kwenye dawati alilooneshwa. Maharage yaliungua. Tulikula hivyo hivyo. Baba alisema yana ladha ya maendeleo.

Naomba basi iingizwe kwenye kumbukumbu za kata kwamba mama yangu hakujitolea, alisimama tu. Tangu siku ile akina mama wa mtaa wetu hawasimami mkutanoni kwa sababu yoyote. Mwaka jana mvua iliwakuta wamekaa, wakaloa wote mpaka mkutano ulipofungwa kwa dua.

2. Kuhusu maji.

Mtu angedhani kuwa mtoto wa mjumbe wa Kamati ya Maji hupata maji. Mama alitoa wazo kwamba nyumba ya mjumbe ichote mwisho, ili pasiwe na maneno. Wazo likapita kwa kauli moja na wajumbe wengine wakampongeza sana. Baadaye ndipo tulipogundua kuwa wajumbe wengine wote wanakaa upande wenye mabomba ya Manispaa, na hakuna hata mmoja anayechota kisimani. Kwa hiyo kanuni inatuhusu sisi peke yetu. Tunakaa nyumba ya tatu kutoka kisimani, na Anyesi, anayekaa mbali ng'ambo ya reli, hutupitishia ndoo ya maji akirudi kwake. Pampu ilipoharibika mwezi wa saba tulilala vizuri, kwa kuwa kwa mara ya kwanza tulikuwa sawa na watu.

3. Kuhusu lugha inayotumika nyumbani.

Mama hasemi tena "subirini kidogo". Husema, "Hilo tuliweke kwenye mengineyo." Mengineyo, kama unavyojua, huja mwisho wa kikao, wakati watu wamechoka na wengine wameshavaa viatu. Soksi zangu za shule ziko kwenye mengineyo tangu muhula uliopita. Baba, ambaye anauza vipuri vya baiskeli na hurudi jioni ana njaa, akiuliza kama kuna chakula huambiwa kuwa hoja yake imepokelewa. Baba hacheki wala hakasiriki. Huingia jikoni akasonga ugali mwenyewe, na nakiri kuwa siku hizi ugali wake hauna mabuje.

Mdogo wangu Makame yuko chekechea. Hunyoosha mkono kabla ya kuomba maji ya kunywa, na mwalimu wake anamsifu kwa hilo. Juzi alikataa kwenda kulala mpaka tupige kura. Tulipiga, na akashinda, kwa sababu mama hakuwepo, mimi nilikuwa mmoja, na baba hakutaka kuegemea upande. Nilimweleza kuwa kura moja kwa kura moja si ushindi. Alisema nikate rufaa.

4. Kuhusu usuluhishi.

Majirani wakigombana huja sebuleni kwetu, mama huwasikiliza, na huondoka wameshikana mikono. Amemaliza shauri la mbuzi aliyekula mizabibu. Alimaliza hata la Anyesi na mumewe, ambao walikuwa wameshagawana vyombo na wamebakiza mwiko. Lakini mimi na Makame tulipogombana kuhusu kitabu changu cha Jiografia, ambacho alikichorea ng'ombe kuanzia Afrika Magharibi mpaka Pembe ya Afrika, mama alisikiliza utangulizi tu. Kisha akasema hawezi kuendelea na shauri hili kwa kuwa ana maslahi kwa pande zote mbili, akajitoa. Shauri likaenda kwa baba. Baba naye akajitoa kwa sababu hiyo hiyo.

Ugomvi huo haujasuluhishwa mpaka leo na ng'ombe bado wapo. Nilipoulizwa darasani mazao makuu ya Ghana niliona pembe tu.

5. Kuhusu Siku ya Wazazi ya mwaka jana.

Hili ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Hayo ya juu ningeendelea kuyavumilia.

Mwaka jana nilipata zawadi kwa kusoma vitabu vingi maktabani kuliko wenzangu wa Kidato cha Pili. Zawadi yenyewe ilikuwa kamusi. Nilimwambia mama mapema, na alikuja. Sitaki kumsingizia: alikuja, tena kabla ya wengi. Lakini alikuja akiwa mjumbe wa Bodi. Alikaa meza kuu, kwenye kitambaa cheupe na chupa za soda, kati ya Mkuu wa Shule na mgeni rasmi. Baba alibaki nyumbani na Makame, aliyekuwa na surua. Kwenye safu za wazazi kulikuwa na kiti kilichobandikwa karatasi yenye jina langu. Upepo ukaichukua ile karatasi, na mtu aliyechelewa akakikalia kiti.

Jina langu liliposomwa nilipanda jukwaani. Wajumbe wa Bodi walikuwa wamejipanga kuwapa mkono washindi. Mama yangu akanipa mkono. Akasema, "Hongera, mwanafunzi. Endelea na bidii."

Nikasema, "Asante, mheshimiwa."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni, nikashuka. Jioni mama alikwenda kwenye kikao cha Kamati ya Miti. Kamusi niliiweka juu ya kabati na sikuifungua mpaka likizo, mimi ambaye husoma hata karatasi za kufungia karanga.

6. Kuhusu Jumamosi hii.

Jumamosi hii, tarehe 14, ni Siku ya Wazazi tena. Safari hii nimechaguliwa kusoma mbele ya watu wote insha niliyoiandika, inayoitwa "Nyumbani Kwetu". Sikujitolea. Mwalimu Devota aliisoma peke yake ofisini, akatoka nje, akanitazama kwa muda, kisha akaenda kumwona Mkuu wa Shule.

Ndugu Afisa, mimi ni mtu wa aibu. Dukani huandika ninachotaka kwenye karatasi nikampa muuzaji. Darasani huwa najua jibu, ila hulisema moyoni. Kwa sababu hiyo Mwalimu Devota amenipa mbinu: nichague uso mmoja katikati ya wazazi, niusomee huo peke yake, kana kwamba wengine hawapo. Uso nimeshauchagua. Lakini siku hiyo na saa hiyo uso huo utakuwa mtaroni, ukikagua pamoja na Kamati ya Mitaro kabla ya mvua kuanza. Mvua huku kwetu huja Desemba, na mitaro yenyewe imejaa mchanga tangu nikiwa darasa la nne. Mchanga huo unaweza kungoja Jumamosi moja zaidi. Mimi nimejaribu kusoma kwa kuutazama ukuta, nikajaribu na kioo, nikajaribu na Makame, na sauti haitoki.

Usiniulize kwa nini sikumwambia mama. Nilimwambia. Nilianza, "Mama, Jumamosi ijayo kule shuleni," naye akasema tuliweke kwenye mengineyo. Kisha akaja mtu wa Kamati ya Soko kumwita, na kikao kikavunjika kabla hatujafika huko. Shule nayo haikumpelekea mwaliko, kwa kuwa mwaka huu viti vya meza kuu ni vichache na Bodi itawakilishwa na mwenyekiti wake tu.

7. Kuhusu ninachoomba.

Mwanzo nilitaka kuomba mama aondolewe kwenye kamati zote. Nikafikiri, nikaona kata nzima itasimama, nami sitaki lawama hiyo kabla sijamaliza shule. Kwa hiyo naomba madogo, nawe uchague lililo jepesi kwako.

(a) Ukaguzi wa mitaro uhamishwe, na mama aazimwe kwa wazazi wa Kidato cha Tatu kwa Jumamosi hiyo moja. Nitamrudisha jioni ile ile akiwa katika hali niliyomchukua.

(b) Kama (a) haiwezekani, mama aandikiwe barua ya kumwita shuleni, yenye mhuri wa kata. Hajawahi kukosa jambo lolote lenye mhuri. Barua ieleze wazi kwamba atakaa na wazazi, asije akaenda meza kuu kwa mazoea.

(c) Kama (b) nayo haiwezekani, naomba nyumba yetu iandikishwe kuwa kamati. Muundo nimeshauandaa. Mama atakuwa mwakilishi wa akina mama, mimi wa vijana, Makame wa watoto, na baba atawakilisha makundi maalumu. Nimemuuliza na amekubali. Kamati itakutana kila jioni, agenda ikiwa chakula. Akidi iwe sote wanne. Mama hatakosa, kwa kuwa hakosi kikao, na akikosa tutamwandikia barua ya onyo, naye atatakiwa kujieleza kwa maandishi. Nadhani itamuumiza sana, lakini sheria ni sheria. Wafadhili wakitaka kututembelea tunawakaribisha, ila waje na maji yao.

(d) Kama yote hayo yanashindikana, basi itangazwe mtaani kwa kipaza sauti kwamba mwanamke anaweza kusimama mkutanoni bila kuwa amejitolea. Naamini wako akina mama wengi wenye uwezo kuliko watu wanavyodhani, ila wanaogopa miguu yao wenyewe. Wakijua wako huru kusimama, huenda mmoja wao akasimama kwa kutaka, na mama akapata wa kupokezana naye.

Tafadhali usinielewe vibaya. Sisemi nafasi ya mama niichukue mimi. Siwezi kabisa. Naomba barua hii isihesabiwe kuwa ni kujitolea kwa namna yoyote ile. Nitaileta mwenyewe leo baada ya masomo, nitaiweka juu ya meza na kuondoka. Mtu akinikuta nimesimama ofisini kwako, ajue nimesimama kwa sababu naiweka.

Naomba unisalimie Mzee Bartolomayo, wajumbe wa kamati zote nilizozitaja na zile nilizozisahau, na mama, ikiwa utamwona kabla yangu.

Wako mtiifu, ambaye ameketi,

Khairat Anuari

Tanbihi: Samahani kwa kuongeza haya kwa wino wa rangi nyingine. Kalamu ni ya mama.

Nilileta barua kama nilivyoahidi. Wewe ulikuwa umekwenda Manispaa, na ofisini kwako ilikuwa imekaa Kamati ya Mitaro, ikijiandaa kwa ukaguzi wa Jumamosi. Katibu, Ndugu Filipo, aliipokea barua na kuigonga mhuri wa "Imepokelewa" kabla sijaiachia vizuri mkononi. Nilitaka kuondoka. Lakini Mzee Bartolomayo, ambaye ni mwenyekiti wa hiyo nayo, alikuwa haitazami barua, alikuwa ananitazama mimi. Kikao kilikuwa kimekwama. Akidi ilipungua mtu mmoja, kwa kuwa mwakilishi wa vijana amekwenda chuo cha Hombolo na hatarudi karibuni.

Mzee aliniuliza kama mimi ni kijana. Nilisema ndiyo, kwa sababu ni kweli.

"Basi kijana amepatikana," akasema. "Tena amekuja mwenyewe, kwa miguu yake."

Nilikuwa nimesimama, Ndugu Afisa. Wajumbe wakapiga makofi. Nilimtazama mama, naye akanitazama kama mtu aliyesikia harufu ya maharage yanaungua. Kisha akaondoa mkoba wake kwenye benchi ili nipate pa kukaa, nikakaa karibu naye. Akanipa kalamu yake, kwa kuwa mjumbe hakai kikaoni bila kalamu.

Agenda ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Mzee Bartolomayo akauliza kama kuna mjumbe mwenye udhuru. Akauliza tena. Wajumbe wote wakatazama vidole vyao. Alipouliza mara ya tatu, mkono wangu ulikuwa juu, na sijui ulifikaje huko. Nilisema kwamba Jumamosi natakiwa kusoma insha shuleni, inahusu nyumbani kwetu. Ndugu Filipo akaomba nirudie kwa sauti. Nikarudia.

Mama akanigeukia. "Insha gani, mwanangu?"

Nikasema ilikuwa kwenye mengineyo.

Ndugu Filipo akauliza kama neno "mwanangu" liandikwe kwenye muhtasari. Mwenyekiti akasema liandikwe. Mama akaikung'uta kanga yake, ingawa ofisini kwako hamna vumbi, akasimama. Akasema naye ana udhuru Jumamosi. Mzee Bartolomayo alishangaa. Alisema Mama Khairat hajatoa udhuru hata mara moja tangu siku ile aliposimama pale uwanjani mwenyewe kwa moyo wake.

"Siku ile nilikuwa nakwenda kuipua maharage, mzee wangu," mama akasema. "Leo ndiyo nimesimama mwenyewe."

Bila sisi wawili akidi haitimii. Ukaguzi umeahirishwa mpaka tarehe 21.

Nilitaka kuichukua barua yangu niichane, lakini Ndugu Filipo amesema barua ikishagongwa mhuri haimrudii mwenyewe, inaweza tu kuongezwa. Ameniazima barua hii mpaka kesho asubuhi ili niongeze haya. Kwa hiyo tafadhali, namba 1 mpaka 6 uzisome kama historia, na maombi (a), (b), (c) na (d) nayafuta yote. Badala yake naomba moja: mama asiondolewe kwenye kamati hata moja, wala mimi nisiondolewe kwenye hii ya mitaro. Kutoka ofisini kwako mpaka nyumbani ni mbali, na wajumbe wanaokaa upande mmoja hurudi pamoja. Mpaka jana sikuwa najua kuwa mama hutembea polepole akiwa na mtu. Mpaka tunafika kisimani tulikuwa tumeyamaliza mengineyo yote, soksi zikiwemo. Shauri la ng'ombe limepangiwa Ijumaa.

Jambo la mwisho ni la kikazi. Kwa kuwa Jumamosi sasa iko wazi, kamati imeazimia kwa kauli moja kufika shuleni kumsikiliza mjumbe wake mpya. Ndugu Filipo ameniagiza nikuombe umjulishe Mkuu wa Shule aongeze viti vya meza kuu kwa wajumbe wote wa Kamati ya Mitaro. Cha mama kisiwekwe.